Frigo Yetu Ilizimwa Kutoka Kindu

Kasongo, tarehe 9 Novemba 2024

Mpendwa Yaya Nathanaël, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote hapa nyumbani. Goti la wifi Marie-Louise linaendeleaje? Tangu tuliposikia limevimba, mama hulitaja kila jioni tunapoomba, tena kwa sauti, kana kwamba Mungu hasikii vizuri. Yeye mwenyewe ni mzima. Amerudi kulima karanga zake nyuma ya nyumba ingawa tulimkataza.

Mvua zimeanza kwa nguvu. Njia ya Kabambare imeharibika tena, na wenye pikipiki wanashuka kusukuma karibu kila kilima. Mihogo lakini imesimama vizuri, tunashukuru.

Harusi ya mdogo wetu Esther-Divine ilipita salama, na watu walikula wakashiba. Ila yaya, hujui tulivyofika hapo. Nimekaa wiki mbili nikitafuta nafasi ya kukuandikia habari hii, maana kwenye simu mtandao unakata kabla sijafika katikati.

Unakumbuka nilikuambia kuna kampuni imetandika plake za jua kule juu ya uwanja wa mpira, na sasa tuna umeme. Kila nyumba ilipewa kasanduku keupe ka kupimia. Wenye frigo kubwa kama sisi tuliulizwa kama tunakubali frigo zetu zizimwe kutoka mbali siku jua likikosekana. Anayefanya kazi hiyo yuko bironi, ofisini kwao Kindu. Anaona nyumba zetu kwenye mashini yake, anabonyeza huko, huku frigo inanyamaza.

Mume wangu Placide, shemeji yako, hakupenda kabisa. "Mutu sijue hata sura yake, ashike frigo yangu toka Kindu?" Alikubali tu walipomwonyesha kwenye karatasi kwamba lazima watuulize kwanza kwa ujumbe wa simu. Akatia sahihi, akiwa amenuna.

Basi, wiki ya harusi nikaagiza samaki kutoka Nyangwe. Wakafika Jumatano, wabichi, wakubwa, nikajaza frigo mpaka kifuniko kikakataa kufunga, ikabidi nimkalishe Benita juu yake. Huyu Benita ndiye mke wa jirani yetu, anauza maji baridi. Jua lilikuwa halijaonekana siku tatu, lakini akili yangu yote ilikuwa kwenye harusi.

Alhamisi, saa tisa mchana, simu ikalia. Ujumbe ulisema batri zimeshuka sana, wanaomba kuzima frigo yangu hadi kesho saa tatu asubuhi. Nibonyeze moja kukubali, mbili kukataa. Yaya, sikufikiri hata kidogo. Nilibonyeza mbili.

Haikupita nusu saa, simu ikalia tena, safari hii ni sauti ya mtu. Msichana, anaitwa Glody, ndiye anayetuangalia kule Kindu.

"Mama, siko nakupigia ili nikulazimishe," akasema. "Nimeona umekataa, ni haki yako. Ila pale maternite yenu kuko mutoto amezaliwa leo, mimba ya miezi saba. Iko ndani ya kuvezi, ile sanduku ya kumupashia joto. Batri zikiisha, maternite itazimika pamoja na ninyi wote, waya ni moja."

Nikamuuliza mtoto ni wa nani. Akasema hajui, yeye anaona tu kwamba kuvezi inakula umeme.

"Na samaki zangu? Jumamosi ni harusi."

"Frigo imejaa?"

"Imejaa mupaka juu."

"Basi usiifungue, mama. Hata mara moja. Ikikaa imefungwa, baridi haitatoka mbio."

Nilisimama pale na simu mkononi. Nitakuambia ukweli kwa sababu wewe ni yaya wangu: jambo la kwanza nililoliwaza ni aibu ya kuwapa wakwe sombe tupu, majani ya mihogo bila samaki. Halafu nikaona haya kwa wazo hilo. Nikamwambia Glody azime. Sikumaliza hata kuaga, frigo ikaguna, ikanyamaza.

Nikatoka mbio. Katika barabara yetu kuna frigo kumi na moja, na wengi walikuwa wamebonyeza mbili kama mimi. Niliingia nyumba kwa nyumba. Benita alikubali kabla sijamaliza kueleza. Mzee Bulaimu, yule wa duka la dawa, aliniuliza kama kampuni imeniajiri. Nikamwambia hapana, ila kuna mtoto. Akatafuta miwani yake, akanipa simu nimbonyezee moja. Nyumba mbili tu zilikataa, na sikugombana nazo.

Niliporudi nilimkuta Placide, yule aliyenuna, amefunika frigo kwa godoro letu na mablanketi yote ya nyumba, ameifunga kamba kama mzigo wa kwenda Wamaza. Akasema tutalala kwenye mkeka, na asiguse mtu.

Yaya, niliigusa. Alfajiri, yeye akiwa kisimani, nilifungua nione. Mara mbili. Saa tatu kamili ilipowaka yenyewe, tulikuta samaki wa chini ni mawe matupu, wa juu wamelainika kidogo. Placide akanionyesha fundo la kamba, halikuwa lake. Alijua.

Wale waliolainika niliwapika saa ileile, nikapeleka sufuria maternite. Mama wa mtoto alitoka Wamaza kwa pikipiki, uchungu ukiwa umeshamshika njiani. Hatujuani hata kidogo. Alikula huku anaangalia kuvezi. Mle ndani kulikuwa na kitu kama njiwa aliyenyonyolewa, kinapumua. Nililia, sijui hata kwa nini, na yeye akanishika mkono. Juzi walirudi kwao, mtoto ananyonya vizuri.

Baada ya hapo sisi wanawake wa barabara hii tuliita mkutano na kampuni. Tulisema: mkituomba kuzima, tuambieni na sababu, siyo moja au mbili kama watoto wa shule. Tungejua tangu mwanzo, ni wangapi wangekataa? Mkubwa wao aliandika, na wiki hii ujumbe uliokuja ulikuwa na sababu yake.

Sasa sikia lililonifanya nishike kalamu leo. Kampuni inataka kupeleka umeme huohuo Kabambare, na wanawake wa soko la kule wameniomba niende niwaeleze, kwa mdomo wangu mwenyewe, la kukubali na la kukataa kabla ya kutia sahihi. Mimi, yaya, ambaye sijawahi kusimama mbele ya watu hata kanisani. Ninaondoka Jumatatu. Placide ameshaitengeneza pikipiki, na anasema atanisindikiza, lakini kule nitasema mimi.

Mama anakusalimu, Placide na Esther-Divine pia, na Benita anauliza lini mtakuja. Wasalimie wifi na watoto, kila mmoja kwa jina lake. Mungu awafunike na awalindie nyumba yenu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kwa moyo wote,

Estelle