Walitaka Kumvua Mmbone Jina Lako

Mama,

Pumzika, lakini kwanza nisikilize, maana hapa kijijini Malinya kuna watu wanakuchafulia jina, na mimi nimechoka kuwanyamazia.

Yule msichana niliyemzaa baada ya kukuzika, tukampa jina lako, Mmbone, sasa yuko gredi ya nne. Anaongea kama wewe, hasahau kitu. Lakini ukimwekea ukurasa mbele, jasho linamtoka. Mwalimu wake wa darasa alimwita mzembe, akamkalisha nyuma karibu na mlango, akamsahau huko. Kazi nyepesi hiyo, hata mimi ningeiweza.

Shemeji yako Ezekieli ndiye aliyenimaliza kabisa. Unamjua: naibu mwalimu mkuu mstaafu, bado anatembea na kalamu nyekundu kwenye mfuko wa shati, sijui anangoja kumsahihisha nani. Alikuja, akala, akapangusa mdomo, akatangaza kwamba shida ya mtoto ni jina. Ati wewe hukusoma, kwa hivyo umemfunga kichwa. "Mwenye jina hakusomanga, huyu atasoma aje?" Dawa yake: tuchinje kuku, tumpe mtoto jina la marehemu shangazi yetu aliyekuwa nesi. Wazee wenzake wa ukoo aliokuja nao wakatikisa vichwa kukubali, wale wale uliowapikia miaka yote. Mama, nilitamani uamke siku hiyo moja tu uwafukuze na mwiko wako wa kusongea obusuma, ugali wetu.

Sikubishana nao. Nilimpeleka Mmbone mjini Kakamega kwa mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalum. Alimpima taratibu, akaniambia ni disleksia: ubongo wake unapata taabu kuunganisha herufi na sauti zake. Si uvivu, si ujinga, na wala si wewe. Akaanza kumfundisha upya, karibu kila siku. Kutamka sauti moja moja, kuzipigia makofi, kuchora herufi kwa kidole kwenye sinia ya unga. Unga, Mama! Ungenifokea, halafu ungeuchekecha ukaupika. Akanieleza pia kwamba wataalamu hupiga picha za ubongo wa watoto kama hawa, kabla ya mafunzo na baada yake, na kwa baadhi yao zile sehemu za kusomea zilizokuwa zikizubaa huonekana zimeanza kufanya kazi. Ubongo wenyewe unabadilika. Disleksia haiondoki, lakini mtoto anapata njia ya kusoma.

Nilimpelekea Ezekieli habari hizo. Akacheka mpaka akakohoa. Ati Mungu aliumba ubongo mara moja, haubadilishwi na unga. Yaani mafunzo hayawezi, lakini kuku anaweza! Na huyo ndiye aliyefundisha watoto wa watu maisha yake yote. Masikini hao watoto.

Baada ya miezi kadhaa ya mafunzo hayo, Jumamosi moja walikuja na kuku wao kweli. Ezekieli akampa Mmbone Biblia mbele ya watu wote, amwaibishe kwanza ndipo ambadilishe jina. Mtoto akaweka kidole kwenye mstari. Akasoma polepole, anakwama, anarudi, anaendelea. Ezekieli akapiga miayo, akanyoosha mkono achukue kitabu chake, akasema inatosha.

Mmbone akakivuta kifuani. "Ngoja, babu. Sijamaliza."

Wakangoja, Mama. Wazee wazima, kofia mapajani, mpaka akafika mwisho wa ukurasa. Hakuna aliyetaja jina tena. Ezekieli akaanza kuulizia bei ya mahindi. Kuku wao tulimla kama kitoweo tu, na nyama ilikuwa ngumu.

Nilikulilia usiku huo, kwa furaha na kwa hasira, kwa sababu ulistahili kuwepo. Lala salama, Mama. Nakuahidi mtoto huyu ataitwa Mmbone mpaka azeeke, na atakayemwita vingine nyumbani kwangu hatapata hata chai.

Ni mimi,
Mama Mmbone