Wifi, Njoo Umwite Kichogo

Nyumba ya mwisho,
Mtaa wa nyuma ya kambi.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Wifi,

Salamu kwako na kwa wote wa hapo nyumbani. Hali yako? Mgongo je? Nimesikia umeanza tena kubeba ndoo za maji na kujifanya hukumsikia daktari. Wewe nawe! Pumzika, wifi yangu, wanao wana mikono. Sisi huku ni wazima wa mwili, namshukuru Mungu. Nasema wa mwili kwa sababu hayo mengine ndiyo yaliyonishikisha kalamu, maana kwa simu ningelia tu na usingeelewa kitu.

Najua bado umetununia kwa kununua nyumba ambayo hatukuwahi kukaa ndani yake hata mchana mmoja. Ulisema, nami nikakuona una maneno mengi. Lakini huku ndivyo wanavyofanya. Nyumba za ndani ya kambi hazitoshi, kwa hiyo wanajeshi wamejijengea mitaa nje ya uzio, na anayehamishwa au kustaafu humuuzia yule anayekuja kushika nafasi yake. Mpishi humuuzia mpishi, dereva humuuzia dereva. Mdogo wako alipopangiwa kutunza mnara wa mawasiliano, nyumba ilikuwa inamsubiri. Alifurahi kupindukia. Dalali alitukabidhi funguo, akasema wenyewe wameshakwenda kwao.

Nyumba yenyewe ni nzuri, nisiwe mwongo. Sakafu ni ya saruji nyekundu, jiko lina dirisha la maana, na ua unatosha kuanikia nguo za ukoo mzima. Sebuleni waliacha kiti kimoja cha mbao, kimeelekezwa dirishani, na pale dirishani huoni kitu ila uzio na ule mnara. Nilitaka kukitoa. Mdogo wako akasema nikiache.

Siku tuliyohamia majirani walikuja kutusaidia kushusha mizigo. Wote, wakubwa kwa wadogo, walimwita mume wangu Mnara. Wakamwambia, Mnara, karibu tena. Karibu tena, na mtu mwenyewe hajawahi kukanyaga huku! Nikamuuliza mke wa mpishi, ambaye tunapakana naye ukuta kwa ukuta. Akacheka, akanieleza kwamba jina ni la kazi, si la mtu. Atunzaye mnara ndiye Mnara. Watu huja na kuondoka, jina linabaki na nyumba. Nami nikacheka. Wiki nzima nilimtania mume wangu kwa jina hilo, maana unamjua alivyo mfupi.

Kisha bomba likapasuka jikoni. Maji yanatapakaa, mimi napiga kelele, yeye akatoka moja kwa moja hadi nyuma ya choo, akainua bamba la saruji lililofunikwa na majani, akafunga koki. Wifi, dalali hakutuonyesha koki hiyo. Nilipomuuliza amejuaje, alinishangaa mimi, akasema si iko hapo siku zote.

Nikajiambia askari hufundishwa mengi. Lakini siku hizi akirudi kazini havui hata viatu, anakwenda kukaa kwenye kile kiti na kutazama nje. Chai anakunywa bila sukari, huyo huyo uliyekuwa ukimfichia kopo la sukari juu ya kabati. Nikimsogezea, anasema hajawahi kuipenda. Na si kwamba ni mkali. Angekuwa mkali ningejua la kufanya, tungegombana yakaisha. Ni mpole, anashukuru kwa kila kitu, na huo upole ndio unaoninyima raha, kwa sababu ni wa mtu nisiyemjua.

Juzi asubuhi nilikuwa naanika nguo, yeye yuko uani amenipa mgongo. Nikamwita kwa jina lile mnalomwita nyumbani, nikijua ataruka juu na kunikaripia. Kichogo! Hakugeuka. Nikaita tena, kwa nguvu, mpaka mke wa mpishi akachungulia juu ya ukuta. Wapi! Basi mke wa mpishi akasema tu, kwa sauti ya kawaida, Mnara, unaitwa. Akageuka hapo hapo, akaitika, akanitabasamia. Nguo zilinidondoka mikononi, ikabidi nizifue upya.

Jana uvumilivu ulinishinda. Nilimbana mke wa mpishi mpaka akaniambia kwamba wale waliotuuzia nyumba wamerudi, wamepanga chumba nyuma ya soko. Nikaenda. Mwanamke alinifungulia, na kabla sijajitambulisha akanikaribisha kwa kuniita mke wa Mnara. Mumewe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amenyolewa vizuri, shati limepigwa pasi, macho ukutani. Nikamwamkia. Hakuitikia. Mkewe akaniambia nisijisumbue. Akanieleza kwamba walikwenda kwao kweli, lakini mzee alishinda njiani akitafuta mnara, hakumtambua hata mmoja wa ndugu zake, ikabidi amrudishe mahali anapouona.

"Nilidhani nikiuza ile nyumba nitarudishiwa mume wangu," alisema. "Jina limekwenda kwa mumeo, na huyu hana tena la kuitikia. Lake la zamani nimemwita mpaka sauti imenikauka."

Akaniuliza kama mume wangu ana mtu aliyemjua kabla ya jeshi. Nikamwambia yupo dada yake, aliyemlea tangu hajui kuvaa suruali.

"Mlete sasa, angali anatabasamu. Mimi nililetewa watu wakati huyu alishaacha."

Nikitoka hapo nilipitia kwa dalali, nikamwambia tunauza. Hakuuliza hata kwa nini. Alisema nyumba ile hainunuliwi na mtu ila atakayeshika mnara, na huyo bado hajapangwa. Nikarudi nyumbani nikifikiri kwamba hata akipangwa, ni mume wa nani huyo, na mimi nitamtazamaje mkewe nikimpa funguo.

Basi, wifi, nakuomba uje. Najua mgongo, najua safari ni ndefu, najua nilikujibu vibaya ulipotuonya, na kwa hilo nisamehe. Njoo hivyo hivyo. Ukifika usibishe hodi kistaarabu. Simama mlangoni umwite kwa ile sauti uliyokuwa ukimteremshia kutoka juu ya paa utotoni, umwite mpaka akasirike. Namtaka akiwa amekasirika. Naogopa, wifi. Nampenda na namwogopa, na sijui nimwambie nani mwingine haya asinione nimechanganyikiwa.

Nisalimie shemeji, wanao wote, na shangazi yenu. Mwambie kitambaa alichotupa kimetosha meza sawasawa. Mungu akupe nguvu za safari na akufikishe salama.

Nilitaka nisifunge barua bila salamu zake. Nimemwendea sasa hivi pale kitini, nikamwambia namwandikia dada yake, kama ana neno la kumwambia. Amefikiri kwa muda, kwa bidii, kama mtu anayetaka kweli kunisaidia. Kisha ameniuliza taratibu:

"Dada wa nani?"

Wako akupendaye na akusubiriye mlangoni,
Mke wa mdogo wako.