Alichouliza Mama Nikiwa Italia

Kakese, Jumanne 15/10/1974

Na mpaka sasa sijalia.

Asubuhi nimeshuka treni Mpanda na chupa ya divai niliyomletea mama. Dada yangu Skola alinipokea stesheni akiwa amenyoa kichwa. Sikuuliza. Njiani akasema mwenyewe, "Kaka, mama tulimzika Jumatano, wiki juzi."

Jumatano hiyo nilikuwa likizo Italia; Padre wa misheni yetu alitupeleka sisi wapishi wake sita kwenye shamba la zabibu la ndugu zake. Likizo yenyewe ilikuwa ya kula na kuonja divai tu. Tulikaa mezani tangu adhuhuri mpaka jua likazama. Mama yake Padre alikuwa ananiongezea tambi, nami nacheka.

Jioni hii majirani walikuja kunipa pole, halafu mzee mmoja akataka kujua Wazungu wanakula nini. Nikawaeleza yote, jibini mpaka nyama ya sungura. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

Kinachoniudhi ni telegramu. Watu wa nyumbani wangeweza kunipelekea. Majirani walipoondoka nikamwambia Skola hivyo.

"Alipozidiwa alitukataza," akasema. "Alisema kaka yenu hajawahi kupumzika, mwacheni ale."

Nikauliza kama alisema kingine.

"Kila jioni alikuwa anauliza, huko wanampa ugali?"

Nikajibu hapana, huko hakuna ugali. Nilijibu hivi hivi tu, kama naulizwa na mtu yeyote. Skola akaanza kulia. Mimi nilikaa namtazama, nikasubiri na machozi yangu yaje.

Hayakuja.