Mfalme Mbele ya Mizinga Yake

Jumapili jioni

Kilichoniudhi ni Mama kuliona kosa kabla yangu. Tangu asubuhi nilikuwa napanga upya vita vya Pavia kwenye meza ya kulia, Wafaransa na Wahispania wa karne ya kumi na sita, askari wa plastiki wasiozidi pingili ya kidole.

Mama alikuja kutoka kwetu Pap Onditi kuondolewa mtoto wa jicho. Bandeji ilitolewa juzi. Nikimuuliza kama anaona, anasema tu, "Mungu ni mwema," halafu anapapasa kutafuta kikombe. Nimekuwa na hofu ambayo sijamwambia mtu.

Leo alikaa ng'ambo ya meza, kimya, nikadhani amesinzia.

"Baba," akasema, jina analoniita tangu utotoni, "huyu mwenye amevaa kofia nyekundu ni nani?"

"Ni mfalme wa Ufaransa."

"Sasa mbona amesimama mbele ya mizinga yake mwenyewe? Watu wake watapiga nani?"

Nilitaka kumjibu kwamba hata mfalme wa kweli alikosea hivyo hivyo, ndiyo maana akatekwa. Badala yake niliinama kumtazama yule mfalme.

Ile kofia niliipaka rangi kwa ncha ya sindano. Ni ndogo kuliko punje ya wimbi.