Kaburi Unalolipalilia

Mugutha, Ruiru

Ndugu yangu mpendwa Bisimwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Natumaini u mzima, mgongo uliokusumbua wakati wa kupanda umetulia, na mvua ya Ngoliba haijawadanganya tena. Ndengu ulizonitumia kwa Mchungaji Makau zilifika. Mimi sikuzionja, maana tumbo langu sasa linakubali uji tu, lakini waliokula walizisifu. Daktari hataki tena nimwulize habari za Desemba.

Mchungaji alinichekesha aliponisimulia kwamba jirani yako Kaluki amechoka kukungoja, na siku hizi anakuita mume wa kaburi mbele ya watu kisimani. Eti ulimjibu kwamba kaburi angalau halipigi kelele kama yeye. Akaniambia pia kwamba kila Pasaka bado unakwenda makaburini Thika, unapalilia, unapaka msalaba chokaa, kisha unarudi zako bila kupitia kwa mtu. Hapo sikucheka.

Unakumbuka Jumamosi ile ulipofika ofisi ya kanisa letu hapa Ruiru, viatu vyako vimefungwa kwa kamba. Mimi ndiye mzee wa kanisa niliyesimamia nyumba ya wakimbizi. Kabla hujataja jina uliweka mkono mezani, nikaona kidole cha shahada hakipo. Nikakujua. Tangu mlipotengana njiani mkikimbia, mkeo Nabintu alikuwa akimwuliza kila mgeni aliyetoka Kongo kama amemwona mwanamume asiye na kidole hicho. Aliuliza mpaka nikamwambia anamchosha Mungu.

Nilikuambia kwamba alikuja kwetu mgonjwa, akafa kwa homa ya mapafu, tukamzika. Ukaomba uonyeshwe alipolala. Nikakupeleka Thika kwenye kaburi la mwanamke ambaye kanisa lilimzika baada ya jamaa zake kukosekana. Jina lake sikulijua, na hata leo silijui. Nilikushika bega nikaomba, na sauti yangu haikutetemeka. Ulinishukuru kwa kumzika mkeo kwa heshima.

Nabintu hakufa. Saa ile ulipoketi ofisini kwangu alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta ulioegemea, akimenya viazi.

Mwanangu Kiama alikuwa ameharibika kwa pombe, na ni huyo mwanamke aliyemrudisha akawa mtu. Nilitaka amwoe. Mwanzoni alikataa, akisema ana mume. Nilimfundisha mwenyewe kusema kwamba ni mjane. Nilimwuliza anakula kwa nani, analala kwa nani, na cherehani anayoshonea amepewa na nani. Akakubali. Ulipofika, tangazo la ndoa yao lilikuwa limesomwa Jumapili mbili. Kesho yake nililisoma mara ya tatu. Niliuliza kama yuko mwenye sababu ya kuzuia ndoa hii, nikanyamaza kidogo kama utaratibu unavyotaka. Wewe ulikuwa umeshalala Ngoliba, nilikokupeleka jioni ile ile kwa gari la kanisa.

Watu walinisifu jinsi nilivyokutunza. Nilikutafutia kipande cha shamba la kanisa, mabati, mbegu, hata mbuzi. Nilikupa hayo yote ili usiwe na haja ya kutoka huko. Nilikukataza pia kukanyaga Ruiru, nikisema kuna msako wa wakimbizi. Hapakuwa na msako wowote.

Sitakudanganya tena kwa kusema kwamba nimetubu. Usingizi sikuukosa miaka yote hii. Kinachonitisha ni mazishi yangu. Najua wewe huwezi kukosa kumzika mtu aliyekusaidia. Utakuja na watu wa Ngoliba, mkiimba. Na mkaza mwanangu ndiye atakayewapokea wageni kwa birika la chai, binti yao Ciku akimfuata na vikombe. Kiama hajui lolote, wala Nabintu hajui. Nimewatenganisha nikiwa hai, na sitaki mkutane juu ya sanduku langu, watu wakitazama.

Basi usije. Ukitaka kumwona, nyumba yetu ina geti la bluu, ya pili kutoka kanisani, hapa Mugutha. Utakalofanya baadaye ni lako na lake. Naomba tu nizikwe kwanza. Najua sistahili hata hilo, lakini naliomba, kwa sababu umenizoea kama mtu mwema na huenda ukanipa kabla hujafikiri.

Mkono umechoka. Nabintu ameingia sasa hivi na uji, akaniinua, akanifuta kidevu, akauliza namwandikia nani. Nimemwambia ni rafiki wa Ngoliba aliyefiwa na mkewe, na mpaka leo hajaacha kulipalilia kaburi lake. Alisimama kidogo na bakuli mkononi. Kisha akasema nikusalimie sana, na nikuambie kwamba mwanamke huyo alikuwa na bahati.

Ndizo salamu za nyumba hii. Nimeziandika kama alivyozisema.

Ni mimi,
Mwalimu Njau