Mwavuli wa Fundi Salehe

Kasulu, Jumapili jioni

Fundi wangu,

Nimekwenda ziwani na nimerudi mzima. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeuliza hilo kwanza, halafu ungeuliza kama kamera nayo imerudi nzima, na hapo ndipo ungetulia kweli. Imerudi. Mguu mmoja wa stendi umepinda na mchanga umeingia kwenye maungio, lakini kioo hakina hata mkwaruzo. Anayetetemeka mpaka sasa ni mimi. Nimekaa kwenye meza yako ya chumba cha giza cha kusafishia picha, mlango nimeuacha wazi ili niione mbingu, na kila bati likigonga nasimamisha kalamu.

Mwaka mzima sikukuandikia. Mara mbili nilikuwa naelekea upande wa kaburi lako nikageuza njia, nikajifanya nimesahau kitu sokoni. Nilikuwa na jambo la kukwambia na sikuwa na uso wa kulisema. Leo nitalisema. Niache tu nilizungukie kidogo, unajua woga wangu.

Studio ipo. Lile pazia la bahari limekufa. Masika yaliyopita bati lilivuja juu yake, na mchwa wakamaliza kazi. Sikulia siku ile, lakini niliumia, maana nusu ya watu wa Kasulu wamepigwa picha mbele ya lile wimbi la buluu, watu ambao hawajawahi kuona maji mapana kuliko mto. Unamkumbuka mama yangu alivyokuja kutoka Kumsenga? Ulimwambia arudi nyuma hatua moja, akapandisha kitenge chake kidogo asije akaloa. Ulijificha ndani ya kitambaa cheusi cha kamera ukacheka mpaka stendi ikatikisika. Yeye hakuona. Mimi niliona.

Na kila mteja akitoka ulilitazama pazia ukasema, "Bahari gani hii haina upepo?" Ulikuwa mtoto wa Ujiji wewe, pazia halikuweza kukudanganya. Ukaahidi kwamba siku litakapochoka utashuka ziwani wakati wa mvua kubwa, upige picha mawimbi yenyewe yakiwa yamekasirika, uyakuze yajae ukuta. Bi Zuhura alikuwa anasikia. Mkeo husikia kila kitu, hata anapokuwa jikoni anatwanga.

Basi tangu uondoke sijapiga picha hata moja chini ya wingu. Likitanda tu, nafunga. Wauza vitenge wa ng'ambo ya barabara wananitania kwamba Anastazia hufunga duka kabla mvua yenyewe haijajua kama itanyesha. Wacheke. Kwetu Kumsenga mvua ya ngurumo ikianza, mama alikuwa anafunika kioo cha kujitazamia kwa kanga, anatuvua chochote chekundu, anatuketisha sakafuni mbali na mlango, na hakuna anayesema neno mpaka ipite. Kioo hakiachwi wazi kitazame radi. Nimelelewa hivyo. Halafu nikaenda kujifunza kazi kwa mtu ambaye akisikia ngurumo anachukua kioo chake na kutoka nacho nje kwenda kuitazama.

Mwezi uliopita Bi Zuhura aliniita. Zamani alikuwa ananiita mwanangu. Tangu msiba ananiita Anastazia, jina zima, kama karani anayeita watu dirishani. Chakula ananipa, hilo sitamnyima. Aliniambia mpiga picha asiyetoka nje nusu ya mwaka hana studio, ana kabati. Akasema tutakwenda Ujiji mimi na yeye, nipige mawimbi yale uliyoyaahidi. Nikiweza kusimama na kamera mvuani, kamera na studio ni vyangu. Nikishindwa, anauza vyote na anahamia kwa dada yake. Hakupandisha sauti. Alisema hivyo akichambua mchele.

Tuliondoka Alhamisi asubuhi. Mpwa wake Mashaka alikuwa anapeleka maharage Kigoma kwa Landrova, akatukalisha mbele, yeye kwenye usukani, Bi Zuhura katikati, na mimi mlangoni na kamera magotini. Mashaka ni mwongeaji. Alituhadithia kila daraja lililomshinda na kila tairi lililompasukia. Mimi nilikuwa nahesabu mawingu. Tulipoanza kuteremka kuelekea Kidahwe joto likaanza kupanda miguuni, hewa ikawa nzito, na upande wa magharibi nikaona mstari wa kijivu uliolala chini ya mbingu. Nikauliza ule ni moshi wa nini. Mashaka akasema ndilo ziwa. Nikashika kishikio cha mlango kama vile gari linaanguka.

Ujiji tulilala kwa shangazi yako, yule mwenye mikono mikubwa. Ijumaa ziwa lilikuwa limetulia, nikafurahi kimoyomoyo kwa aibu. Jumamosi saa tisa alasiri upepo ukaanza kutoka kusini, unapita kando ya ufuo, na maji yakabadilika rangi, kwanza kijani, halafu rangi ya risasi. Wavuvi wakawa wanavuta mitumbwi juu kabisa mpaka kwenye nyasi. Bi Zuhura akajifunga kanga kiunoni akasema twende.

Mashaka akatufikisha karibu na mchanga, akageuza gari lielekee mjini. Nami nilitamani kuelekea huko huko. Nikaweka stendi. Mawimbi yalikuwa yanakuja ya urefu wa mtu, yanavunjika, yanakula mchanga na kurudi nao, na chini ya miguu yangu ardhi ilikuwa inaguna. Sikuwa najua kwamba maji yana sauti ya namna hiyo. Nilipiga la kwanza, nikapiga la pili. Mvua ikaanza matone makubwa. Nikasema moyoni, mvua kwenye kioo, nimepata sababu, tutarudi nyumbani. Nikageuka kumwambia Bi Zuhura.

Alikuwa anatoa mwavuli chini ya kiti cha gari. Mwavuli wako, Fundi. Ule ule. Ameushonea kitambaa kipya cheusi, lakini mpini bado una lile doa la kuungua pale ulipokuwa mkono wako. Akasema, "Leo nitaushika mimi."

Hapa ndipo pa kusema.

Wewe unajua yaliyotokea, lakini unajua kwa upande wako tu. Tulikuwa tunatoka Kibondo, tulikokwenda kupiga picha za watu waliohamishiwa kijiji kipya. Karibu na Makere ukaliona lile wingu juu ya mlima, jeusi chini na jeupe juu, ukamwambia dereva wa lori asimame kidogo tu. Tukashuka. Kazi yangu mvuani ilikuwa moja, kushika mwavuli juu ya kamera. Juu ya kamera, siyo juu yako wala juu yangu. Ulikuwa unasema mtu akiloa hukauka, lakini kioo kikiingia ukungu ndani ndiyo basi. Nilishika. Nilishika kwa mikono yote miwili nimefumba macho. Ukapiga, ukapiga. Radi ya kwanza ikapiga bondeni. Ukasema lile neno lako la kila filamu ikikaribia mwisho, "Bado moja."

Sikungoja hiyo moja. Nilikutia mwavuli mkononi, nikakimbilia lori. Nilikuwa nimeweka mguu kwenye ngazi ya lori radi ya pili ilipopiga.

Watu waliponiuliza, nilisema umenituma nilete filamu nyingine. Nilimwambia dereva hivyo, nikawaambia polisi hivyo, nikamwambia mkeo hivyo siku ya msiba, amekaa mkekani, akaitikia kwa kichwa. Hukunituma. Nilikukimbia. Wengine walisema radi ile ilitumwa na mtu, wakaanza kutaja na majina, nami nilinyamaza nikaacha majina yatajwe, kwa sababu wakati wanatafuta mchawi hakuna aliyekuwa ananitazama mimi. Hilo ndilo linaloniamsha.

Sasa rudi nami ufuoni. Bi Zuhura alisimama pale pale nilipokuwa nasimama mimi siku zote, kushoto kwa kamera, akainua mwavuli. Nilitaka kumwambia autupe. Nikainama kwenye kamera. Nikapiga la tano, la sita. Ngurumo zilikuwa zinatoka upande wa Zaire, mbali, zinakuja juu ya maji, na kila moja ilikuwa karibu kuliko iliyoitangulia. Bi Zuhura alikuwa anasema "Subhanallah" kwa sauti ya chini kila zikilia. La nane. La tisa. Nilikuwa nalia, Fundi, nakwambia ukweli, kamasi na mvua vimechanganyika, na ninazungusha filamu kwa vidole nisivyovihisi. La kumi na moja. Nikajisikia nasema kwa sauti, "Bado moja."

Ikapiga majini. Sijui umbali gani, labda kutoka hapa hadi msikitini. Ziwa lote likawa jeupe na sikusikia kitu, masikio yalizibwa tu. Nilipopata macho, Bi Zuhura hayupo. Mwavuli uko hewani, unakwenda kaskazini juu ya mawimbi, tumbo juu. Yeye alikuwa anakimbia kuelekea gari, kanga imefunguka, kiatu kimoja kimebaki mchangani.

Mimi sikukimbia, lakini usinisifu. Miguu ilikataa. Kidole kilikuwa juu ya kifyatulio na kilibonyea, sijui kama nilikibonyeza au kilitetemeka. Kisha nikaanguka na stendi pamoja, nikaifunika kamera kwa tumbo langu, nikatambaa nayo.

Garini Mashaka, msemaji wetu, hakuwa na neno. Bi Zuhura alikuwa ameketi katikati anatazama viganja vyake. Kisha akasema, "Nimeuachia."

Nikamwambia. Sikuchagua maneno. Nikamwambia hukunituma, hapakuwa na filamu ya kufuata, nilikutia mwavuli mkononi nikakimbia, nikadanganya. Nilisema yote nikitazama kioo cha mbele, maana nilijua nikimtazama yeye sitamaliza.

Akasema, "Najua."

Alijua tangu siku ile ile. Alisema walipokuleta walimpa na mwavuli, wakamweleza kwamba ilibidi waufungue mkono wako kidole kimoja kimoja kuutoa. Na miaka yote ya ndoa hakuwahi kukuona umeshika mwavuli. Kamera yako ilihitaji mikono miwili, mwavuli ulikuwa wa mwanafunzi siku zote. Kwa hiyo alijua mwanafunzi alikuwa amekwisha ondoka. Akangoja niseme. Mwaka mzima ananipakulia ugali na kungoja niseme, na kila siku niliyonyamaza alinichukia kidogo zaidi. Ndiyo maana aliukarabati ule mwavuli. Alitaka kuushika mwenyewe radi ikipiga, asimame, ili nione kwamba inawezekana kusimama. Alitaka nione hilo kwanza, halafu aniulize.

Akafungua viganja tena, akavifumba. "Kumbe mikono inaachia yenyewe, mwanangu," akasema. Halafu akalia. Mashaka akawasha gari.

Tumerudi leo mchana. Nimesafisha ile filamu kabla hata sijala. Picha kumi na moja ni mawimbi, mazuri, mengine yametikisika. Ya kumi na mbili ina mwanga mwingi upande mmoja, imeungua pembeni, na ungenigombeza kwa hilo. Lakini wimbi limesimama zima, povu lake linaonekana tone kwa tone, na juu yake pembeni kuna kitu cheusi kidogo chenye mbavu. Bi Zuhura alikuja akaiangalia ikiwa bado imelowa chini ya taa nyekundu. Akasema hiyo ndiyo ikae ukutani. Nikamwambia wateja watauliza kile cheusi ni nini. Akasema waulize. Kesho asubuhi anakwenda sokoni kuwaambia waliotaja majina ya watu wafunge midomo yao. Nimemwambia hapana, nitakwenda mimi, yeye anisindikize tu.

Kamera imebaki hapa, na studio haiuzwi tena. Mashaka ametupatia turubai la nailoni, halina chuma hata kidogo, tutakuwa tunalifunga juu ya kamera kwa kamba. Mwavuli hatukuufuata. Mashaka anasema labda saa hizi umeshafika Burundi na umepata mwenyewe. Ameanza kuongea tena, kwa hiyo amepona.

Mimi bado naogopa. Ngurumo imelia sasa hivi upande wa Kibondo na nimechafua neno, unaliona hapo juu. Sidhani kama woga huu utaisha. Sitafunga duka tena kwa sababu yake, ila siwezi kukuahidi kwamba nitasimama kama wewe, maana nimejua sasa kwamba hilo si la kuahidi.

Barua hii nitaibandika nyuma ya ile picha, itazame ukuta. Pumzika, Fundi. Usishike kitu tena, kushika tuachie sisi. Ninaloweza kukuahidi ni hili moja: nikikimbia tena, nitasema nilikimbia.

Mwanafunzi wako,
Anastazia