Fimbo Niliyorudi Nayo Kutoka Mgodini

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Mkonze hatujambo, ila goti la bibi yako halitaki kabisa baridi hii.

Umeniuliza nilifanyaje mgodi wa makaa ya mawe ulipofungwa, maana kiwandani kwenu sasa kompyuta ndiyo inayosikiliza mitambo, na wewe uliyeijua kwa mlio wake umehamishiwa stoo. Imeniuma, mama.

Mgodini hatukuingia popote kabla ya kugonga dari kwa mtaimbo. Ikilia tupu, kama kuna uwazi ndani, tulirudi nyuma. Basi mgodi ulipofungwa, siku niliyorudi nyumbani kuishi moja kwa moja, mlangoni tu mwa tembe la mama yangu, nyumba ya paa la udongo, mkono ukainuka wenyewe nikagonga paa kwa fimbo niliyotoka nayo mgodini. Udongo ukamwagikia ugali.

"Umerudi kuishi au kunibomolea?" mama akafoka. Ndugu zangu wakacheka. Mimi nikatoka, nikaenda kulia zizini.

Asubuhi mama akaniletea ile fimbo. "Haya, gonga na pale ninapolala."

Boriti moja ikasikika tupu. Mchwa walikuwa wameimaliza kwa ndani. Tukaibadilisha kabla ya mvua.

Mgodi haukufunguliwa tena, sitakudanganya, na niliukumbuka miaka mingi. Ila aibu ya kugonga iliniisha siku ile.

Cherehani ya bibi yako inalia vibaya siku hizi, na masikio yangu yamechoka. Ukipata likizo, njoo utusikilizie.

Babu yako